Udongo Mweusi Chini ya Kapeti

Modesta aliponiambia nisijisumbue kuosha gari, ndipo nilipoamua kuliosha.

Mke wangu hajawahi kunizuia kufanya kazi. Tumeishi pamoja tangu nikiwa karani wa kununua pamba, na salamu yake ya asubuhi kwangu imekuwa ile ile miaka yote: ua umeanguka, mlango wa choo umelegea, jembe lile pale. Lakini asubuhi ile ya Jumapili nilipotoa ndoo mbili na kuziweka karibu na gari, alisimama kwenye mlango wa jiko akazitazama kwa muda mrefu kuliko ndoo zinavyostahili kutazamwa.

"Baba Efrazia, unafanya nini?"

"Naosha gari."

"Vijana wa kule darajani si wapo? Wape waoshe. Wewe una mgongo."

"Mgongo wangu haujasema neno."

"Basi msubiri Brayan. Anakuja jioni, ataliosha."

"Brayan ni dereva," nikasema. "Gari ni langu."

Alijifunga kanga akaenda kwenye kikundi chake cha akina mama, na alipofika getini aligeuka akanitazama tena. Mtu anayekwenda kikundini hana sababu ya kugeuka getini.

Gari lenyewe ni Carina nyeupe, si jipya, lakini hakuna aliyenichangia hata taili. Tangu nilinunue sikuwahi kulisafisha kwa mkono wangu. Lilikuwa likipelekwa kwa vijana, nao huliosha uso: povu juu ya bodi, mafuta kidogo kwenye matairi yang'ae, basi. Mwezi ule nilikuwa nimeona kwenye simu somo la mtu anayesafisha gari mpaka ndani kabisa, anatoa kapeti, anafungua viti, anaingiza mswaki kwenye matundu ya dashibodi. Nililirudia somo lile mara kadhaa, miwani puani, kama nilivyokuwa nikiukodolea macho ubao wa shule ya jioni Musoma baada ya kutoka kazini. Mtu aliyesoma hesabu za sekondari kwa taa ya chemli hawezi kushindwa na kapeti.

Tena nilikuwa na sababu. Sina mtoto wa kiume. Tulijaliwa mabinti wawili, Efrazia aliyeolewa Migori, ng'ambo ya mpaka, na Agustina aliyeolewa Mugumu. Kwetu Wakurya, mwanamume asiye na mtoto wa kiume akifa, nyumba yake haikai wazi, ndugu huingia. Ndugu huyo kwangu ni Mwikwabe, mtoto wa marehemu kaka yangu. Tangu daktari aliponiambia nipunguze chumvi, Mwikwabe amekuwa akija hapa Nkende kunijulia hali, na kila anaponijulia hali macho yake yanapima uzio. Upande wa pili kuna Brayan, mtoto wa mdogo wake Modesta, anayeniendesha na asiyepima kitu. Moyoni nilikuwa nimeshachagua. Gari na kiwanja cha nyuma vingekuwa vya Brayan, na nilikusudia kulitamka mbele ya wazee wa ukoo kabla mwezi haujaisha, ili Mwikwabe asije kuingia humu akiwa na suruali yake ya mgambo na kuwaondoa watu kama kuku.

Lakini kazi ya pamba ilinifundisha jambo moja. Gunia la pamba lina uso mzuri siku zote. Mjanja huweka pamba safi juu, na katikati huweka udongo na mawe ili lipige uzito. Karani anayetazama uso wa gunia hadumu. Unaingiza mkono mpaka begani. Kabla sijamkabidhi Brayan jasho langu, nilitaka kuingiza mkono.

Nilianza na magurudumu, kama somo lilivyoagiza, maana ndiyo machafu zaidi. Nikapuliza maji kwa mpira kwenye matao ya juu ya matairi, nikatarajia maji mekundu. Nkende yote ni nyekundu. Hata mbwa wetu weupe ni wekundu. Maji yakatoka meusi.

Nikazima mpira wa maji. Nikachota kipande cha tope kwa kidole, nikakiviringa. Kilinata kama ugali wa mtama. Ule ni udongo wa mbuga, nami naujua, kwa sababu nilipima pamba iliyochanganywa nao msimu baada ya msimu katika vituo vya Ringwani. Kila Jumanne Modesta alikuwa akiniaga kwamba anakwenda Mugumu kumwona Agustina, na Brayan ndiye aliyekuwa akimpeleka. Barabara ya Mugumu ina vumbi lake, na vumbi lile silo hili. Kupata tope la Ringwani ni lazima uiache njia kuu, uingie mashambani, ukae huko.

Nikaendelea kuosha, lakini sasa nilikuwa naosha kama askari. Kwenye mlango wa kushoto nikaona mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja: miiba. Nikafungua milango, nikatoa kapeti. Chini ya kapeti ya abiria wa mbele, udongo mweusi. Chini ya kapeti ya nyuma, mweusi zaidi, na ndani yake makombo ya biskuti. Brayan hali biskuti. Modesta ana sukari.

Nikaenda kwenye buti. Kapeti ya buti ilikuwa imesuguliwa, tena kwa sabuni ya unga, maana katikati ilikuwa imepauka. Nani husugua katikati ya kapeti na kuacha pembeni? Anayesugua kitu, si anayesugua kapeti. Nikaiinua. Kwenye bati, karibu na bawaba, palikuwa na madoa ya kahawia yaliyokauka. Nikatemea mate kwenye kitambaa cheupe, nikapangusa. Kitambaa kikageuka rangi ya kutu, na kutu hainuki vile. Pembeni, kwenye ufa wa raba, zilinasa singa ndefu, nyeusi, ngumu.

Nikakaa kwenye ukingo wa buti.

Atokaye kwingine asingeelewa haraka, lakini mtu wa huku akiona damu, singa nyeusi na tope la Ringwani ndani ya buti moja, haulizi mara mbili. Ni nyamapori. Huko ni karibu na hifadhi, na kuna watu ambao hawajaacha. Namfahamu mfanyabiashara mmoja ambaye pikapu yake ilikutwa na mapaja ya nyumbu chini ya magunia ya mkaa. Yeye mwenyewe alikuwa nyumbani kwake amelala. Dereva alifungwa, pikapu ikataifishwa, na yeye alizunguka mahakamani mpaka soli za viatu zikamwisha. Mkewe bado anauza maandazi kumlipa wakili.

Brayan. Kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma alama za barabarani. Anayekula sahani moja na mimi. Na Modesta je, alikuwa anajua? Aligeuka getini.

Nilichukua spana nikafungua nati za kiti cha nyuma. Somo lilisema kukitoa ni hiari kwa anayeanza, lakini kwangu haikuwa hiari tena. Nilikivuta mpaka kikatoka, nikakiburuta hadi kwenye nyasi. Chini yake kulikuwa na vumbi jeusi, kijiti cha pipi, na kiatu.

Kilikuwa kiatu cha plastiki cha mtoto, cha bluu, cha mguu wa kushoto. Kinatosha kwenye kiganja.

Kiatu hicho kiliniharibia hesabu. Majangili hawabebi watoto. Lakini nilikuwa nimeshakasirika, na mtu aliyekasirika hatupi hesabu kwa sababu ya namba moja isiyokubali. Nikajiambia: Brayan ana mwanamke huko, ana mtoto huko, na nyama ndiyo anayowalishia. Nikakiosha kiatu kwa mswaki ule wa dashibodi, sijui kwa nini, nikakiweka juu ya paa la gari kikauke. Halafu nikafanya jambo ambalo siku nyingine nisingelifanya. Nilimpigia Mwikwabe. Nilitaka shahidi, naye ni mgambo, tena ni damu yangu.

Alifika kabla povu halijakauka kwenye ndoo.

"Shikamoo, baba mdogo." Alizima pikipiki, akacheka. "Loo! Umelichinja gari lenyewe?"

"Marahaba. Njoo uone."

Nilimwonyesha tope. "Huu si wa kwetu, na mama yenu huniambia anakwenda Mugumu tu."

"Mh," akasema.

Nilimwonyesha madoa. Akainamia buti kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Nilimpa singa zile mkononi. "Huenda ni nyumbu," nikasema.

"Huenda." Akazipangusa kwenye suruali.

Nikashangaa. Mwikwabe ninayemjua mimi angeweza kunusa nyama kutoka ng'ambo ya mto. Mwaka juzi alimtia mtu ndani kwa sababu ya kwato moja ya swala. Nikasema, "Na hiki pia," nikakishusha kiatu kutoka kwenye paa.

Hapo akaamka. Aliniondolea kiatu mkononi hata kabla sijakitoa.

"Umekikuta wapi?"

"Chini ya kiti cha nyuma."

"Cha kiume au cha kike?"

"Kiatu cha plastiki, Mwikwabe. Nitajuaje?"

"Hapana, baba mdogo, tazama. Vya kike huwa na ua hapa juu. Hiki hakina. Hiki cha kiume." Akakipima kwa vidole vyake. "Huyu ana miaka mitatu. Anakaribia minne." Akatoa simu, akakiweka kiatu juu ya boneti langu nililokuwa nimeshalikausha, akakipiga picha kwa juu, kisha kwa ubavu. Damu ilikuwa wazi kwenye buti, hakuipiga picha.

"Na ng'ombe wa mahari ya Agustina," akauliza, huku akiitazama simu, "bado wako kwa shemeji yako anayekuchungia?"

"Wako."

"Wote?"

"Kwa nini wasiwe wote?"

"Nauliza tu. Umewaona lini kwa macho yako?"

Nikaanza kukamua kitambaa.

"Na hizi safari za Jumanne," akasema, "mama huwa analala huko au anarudi?"

"Sikukuambia siku," nikasema.

"Nini?"

"Nimekuambia anakwenda Mugumu. Sikukuambia Jumanne."

Aliinua uso. Mwikwabe ana meno mazuri, na alinionyesha yote. "Mji mdogo huu, baba mdogo. Gari lako linajulikana." Akarudisha simu mfukoni. "Sikia. Mama usimwambie kitu. Brayan usimwambie kitu. Niachie mimi, nitaongea na wazee."

"Wazee? Nyamapori ni mambo ya askari. Wazee wanahusika wapi?"

Lakini alikuwa ameshapiga kiki. Aliondoka bila kuniaga, na getini akaitazama nyumba yangu kwa namna ambayo sasa naijua, kuanzia msingi mpaka bati.

Nilirudi kwenye kazi kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Nilichanganya sabuni ya viti, nikasugua kitambaa cha kiti cha mbele kwa brashi, duara dogo dogo, nikifyonza maji kwa taulo. Huku nikisugua nikafikiri. Mtu anaonyeshwa damu, hashtuki. Anaonyeshwa kiatu, anauliza kama ni cha mtoto wa kiume. Anauliza ng'ombe wa mahari ya binti. Anakwenda kwa wazee. Nilimwita aje amchunguze Brayan, na yeye alikuwa akichunguza kitu kingine kabisa, tena kitu alichokuwa amekianza kabla sijamwita.

Mtoto wa kiume. Ng'ombe wa mahari. Wazee.

Brashi ikasimama. Mimi ni Mkurya, hata kama nimesoma. Nusu ya jambo niliielewa pale pale, na nusu nyingine niliisubiri getini.

Modesta alirudi mapema. Aliona kiti cha nyuma kiko kwenye nyasi, aliona kapeti zimeanikwa kwenye ua, kisha akaona kiatu juu ya boneti. Alisimama.

"Umekiosha," akasema.

"Kilikuwa kichafu."

"Amekililia wiki nzima."

"Nani?"

"Kaa chini, Baba Efrazia."

Pa kukaa palikuwa ni kile kiti cha nyuma cha gari kwenye nyasi. Nikakaa upande wangu, naye akakaa upande wake, tukawa kama watu wanaosafiri, mbele yetu kuna gari tupu.

"Nimeoa," akasema.

Nilikuwa nimelitarajia, na bado lilinipiga kifuani. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inaweza kuoa. Mama wa nyumba hutoa ng'ombe waliotokana na mahari ya binti yake, akatafuta msichana, akamleta awe mokamona, mke wa yule mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Watoto wa msichana huyo huitwa kwa jina la mwenye nyumba, na hurithi kama wajukuu. Nyumba ya namna hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Bibi yangu mmoja aliishi hivyo. Mimi nilisema siku zote kwamba kwangu hayo hayataingia.

"Mimi nikiwa hai?" nikauliza.

"Uko hai ndiyo. Nilikuambia mwaka ule mvua ziliponyesha mpaka daraja likaenda. Ukanisomea gazeti."

"Gazeti lilisema kweli! Wasichana wanaozwa bila kuulizwa, wanafanywa vijakazi. Lilisema kweli au halikusema?"

"Lilisema kweli. Ndiyo maana sikutuma mtu, nikaenda mwenyewe. Wegesa nimemuuliza mbele ya mama yake, nikamuuliza bila mama yake, nikamuuliza akiwa anakoka moto na amekasirika. Anataka kuja. Aliyezaa naye alimtoa nje na mtoto. Anataka mlango wake mwenyewe na shamba asilofukuzwa. Nikamwambia mlango upo."

"Na mimi nikiwa sijui! Shemeji yangu anajua?"

"Anajua. Ng'ombe si wako kwake?"

"Agustina?"

"Anajua. Ni mahari yake."

"Brayan?"

"Dereva atakosa kujua anakokwenda? Nilimwapisha. Usimlaumu."

"Ringwani nzima inajua. Na hiyo damu kwenye buti?"

"Mbuzi. Nilimpelekea mama yake Wegesa mbuzi jike. Brayan alipofunga buti, akagonga pembe, pembe ikapasuka. Kwani wewe ulidhani nini?"

Sikutaka kusema. Nikasema. "Nyumbu."

Alinitazama, akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. "Mkurya mzima! Umechunga mbuzi kabla hujavaa suruali, leo unashika singa za mbuzi unaziita nyumbu?"

"Zilikuwa ndani ya gari. Mbuzi hapandi gari."

"Huyu alipanda! Tena alichungulia dirishani mpaka tukalazimika kumweka nyuma."

"Basi hata mbuzi alijua," nikasema. "Mbuzi alijua, mimi sijui."

Akacheka tena, akanipiga begani, na kwa kitambo kidogo nilikaribia kucheka mimi pia. Halafu nikamuuliza lile lililobaki. "Na huyo mtoto. Baba yake ni nani?"

"Mwanetu."

"Mwanetu yupi?"

"Yule ambaye hatukumpata," akasema, naye hakuwa anacheka tena.

Kuku walikuwa wamepanda kwenye dirisha la gari. Sikuwafukuza.

"Nilitaka kukuambia kesho," akasema. "Wanakuja Jumanne. Nilijua utakasirika siku moja, na siku ya pili wangekuwa wameshafika, na wewe humfukuzi mgeni." Akakitazama kiatu. "Umemwonyesha mtu hiki?"

Nikasafisha miwani yangu. Haikuwa chafu.

"Baba Efrazia. Umemwonyesha nani?"

"Mwikwabe."

Alizikunja pembe za kanga, akazikunjua. "Basi amepata alichokuwa akitafuta. Amekuwa akiniuliza sokoni, anamuuliza Brayan kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa hana uhakika. Sasa ana picha." Alizungumza polepole, kama anayesoma hukumu. "Wazee watakuuliza neno moja tu. Kwamba ulijua au hukujua. Mke hawezi kuoa mume yuko hai na hajui. Huo utakuwa wizi wa ng'ombe. Ukisema hukujua, imekwisha. Wegesa atabaki pale pale na mtoto wake. Na sisi tukifa, Mwikwabe ataingia humu na atawauliza mabinti zako wanatafuta nini."

"Kanisa litasema nini? Mimi ni mzee wa kanisa."

"Litasema. Kwani litaacha lini kusema?"

Simu ikalia. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na nilipoitoa nikaona jina la Mzee Magaigwa, mkubwa wa wazee wa ukoo wetu. Modesta aliliona pia. Aliweka mikono juu ya magoti na kutazama mbele, kama abiria ambaye amelipa nauli na hawezi tena kumwambia dereva apite wapi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Nyangwine. Mwikwabe yuko hapa. Ana picha ya kiatu."

"Kiatu kizuri."

"Anasema mkeo anaoa Ringwani kwa siri, na wewe hujui. Ni kweli?"

"Lipi kati ya hayo?"

"Kwamba hujui."

Nilikuwa na haki ya kusema ndiyo. Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimedanganywa na mke, na binti, na shemeji, na dereva, Jumanne baada ya Jumanne, kwa mafuta niliyonunua mwenyewe. Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema neno lile mara tatu. Lakini nilipofungua mdomo nilijiona nikilisema mbele ya ukoo wote: mimi, niliyewakamata wakulima kwa kokoto moja ndani ya gunia, sikujua kinachopita kwenye gari langu mwenyewe. Nilimwona Mwikwabe akiwa amekaa pale kwa Magaigwa, miguu ameinyoosha, anasubiri aibu yangu imfungulie geti. Na nilikiona kile kiatu kwenye boneti, ambacho mtu amekililia.

"Mzee Magaigwa," nikasema, "umenijua tangu lini? Ni lini ulisikia jambo limepita katika nyumba yangu bila mimi kulijua?"

"Ndiyo maana nimepiga."

"Gari lilikwenda Ringwani kwa sababu mimi nilitoa ufunguo. Mbuzi alikuwa jike, mweusi, na pembe yake ilipasuka njiani, na hilo nimeshalilalamikia. Ng'ombe ni wa nyumba ya Modesta na wametoka kwa njia yake. Msichana anaitwa Wegesa. Ameulizwa, na amekubali. Unataka nikuambie na nini?"

Nilimsikia Mwikwabe akisema kitu kwa haraka, na Magaigwa akimwambia kwa Kikurya anyamaze.

"Sasa kama ulijua," Magaigwa akasema, "kwa nini ulimwita huyu kijana ukamwonyesha damu?"

Hapo ndipo shule ya jioni inapomsaidia mtu. Sikusita hata kidogo.

"Nilitaka kuona atafika kwako kwa haraka kiasi gani."

Mzee Magaigwa alicheka kicheko kilichogeuka kikohozi. "Haya. Haya, Nyangwine. Lini wanakuja?"

"Jumanne."

"Tutakuja kula. Na tutakuja kumtazama huyo mtoto." Akakata.

Nikarudisha simu mfukoni. Modesta alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tulipokuwa vijana Musoma.

"Umesema uongo, mzee wa kanisa."

"Ufunguo nilitoa au sikutoa?"

"Ulitoa."

"Basi. Na wewe bado hujasamehewa. Usinipikie uji mtamu leo ukadhani yamekwisha."

"Sitapika," akasema, akaenda jikoni, na muda si mrefu nikasikia harufu ya uji.

Brayan alifika jua likiwa limeanza kupoa. Aliingia akipiga mluzi, akaona kiti nje, akaona kapeti, mluzi ukamfia mdomoni.

"Shikamoo, baba mkubwa. Gari... limepata nini?"

"Marahaba. Limeoshwa. Hivi ndivyo gari linavyooshwa. Shika spana."

Alishika. Alinitazama, akamtazama Modesta aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, na alipoona Modesta ametikisa kichwa kukubali akajua kwamba nimeshajua. Tulikibeba kiti cha nyuma, yeye kichwani, mimi miguuni, tukakirudisha mahali pake. Kilinukia sabuni.

"Kiwanja cha nyuma," nikamwambia akiwa amejikunja ndani anakaza nati, "nilikuwa nimepanga kukupa wewe."

"Najua, baba mkubwa."

"Nani alikuambia?"

"Mama mkubwa."

"Na bado ukampeleka Ringwani? Ulikuwa unajipelekea mrithi mwenzako."

Spana ilisimama kidogo, ikaendelea. "Mama mkubwa akisema washa, nawasha." Halafu akasema, bila kugeuka, "Na yule mtoto anapenda gari. Anakaa hapo katikati anashika viti viwili. Ukipita kwenye shimo anasema, 'Tena!'"

Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilitafuta uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu, sikuuona. Nikatafuta uso wa mtu anayeficha kwamba amenyang'anywa, huo nao sikuuona. Nilimwambia gari litakuwa lake, na hilo nitalisema Jumanne mbele ya wazee wakiwa wameshashiba. Akasema ahsante, baba mkubwa, akatoka ndani ya gari na kwenda bombani kunawa mikono.

Alipokuwa amenipa mgongo, niliingia nyuma na spana, nikazijaribu nati zote upya. Zilikuwa zimekaza.